Mchele upi kwa sufuria ipi: uchague kwa wanga, si kwa harufu

"Chukua huu, dada, Supa ya Kyela yenyewe. Ukipika, jirani anasikia." Nikachota kiganjani, nikapuliza, nikanusa. Unanukia kweli. Nikalipa kilo tano. Nyumbani nikaunga pilau: vitunguu vikashika rangi, nyama ikalainika, maji nikapima kama siku zote, mkaa nikapalia juu. Kufunua sufuria mbele ya wageni, bokoboko. Bokoboko lenye harufu nzuri ajabu.

Kama ulikuwa Supa kweli au la, sijui mpaka leo, lakini kuhusu harufu muuzaji hakunidanganya. Aliyekosea ni mimi, niliyeiuliza pua jambo linalohusu meno.

Harufu ya mchele inatawaliwa na jeni iitwayo BADH2, iliyo kwenye kromosomu ya 8. Jeni hiyo ikiharibika, punje hukusanya kemikali inayonukia, na ndiyo hiyo tunayoisikia sufuria ikianza kuchemka. Kuchambuka, kunata, kulainika, na kukakamaa kwa kiporo kunatoka kwingine kabisa, kwenye jeni zinazotengeneza wanga. Mbili zenye nguvu kuliko zote ziko kwenye kromosomu ya 6. Harufu na wanga hazifuatani. Ushahidi mzuri ni michele miwili maarufu duniani: Khao Dawk Mali 105 ya Thailand, inayouzwa kwa jina la jasmini, na Basmati 370, ambayo ikilimwa Mwea, Kenya, tunaiita pishori. Yote miwili inanukia kwa kemikali ileile. Wa kwanza ukiupika unashikana, wa pili punje zinaachana na kurefuka.

Kwa hiyo hapa sitaipanga michele kwa mkoa wala kwa jina la gunia. Nitaipanga kwa wanga wake, halafu tuone upi uende kwenye pilau, upi kwenye uji, na mkulima naye achague mbegu gani.

Ukindu na mkoko

Mchele mweupe ukiutoa unyevu wote, karibu asilimia 90 ya uzito unaobaki ni wanga. Wanga huo ni wa namna mbili. Amilosi ni mnyororo mrefu wa sukari ambao hauna matawi ya kutaja. Ufikirie kama ukindu. Amilopektini ina matawi, na matawi hayo yana matawi yake, kama mkoko wa ufukweni. Kindu zikipikwa kisha zikapoa hujipanga ubavu kwa ubavu na kukaza. Mikoko haipangiki kirahisi hivyo, inabaki imetanuka, ina maji ndani yake, na inanasa kila inachokigusa.

Jeni ya kwanza inaitwa Waxy. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya, yaani protini ya kazi ndani ya seli, kinachosuka ukindu. Ikifanya kazi kwa nguvu zote, amilosi hupita asilimia 25 ya wanga. Ikiwa imeharibika kabisa, amilosi haifiki hata asilimia 2, na hapo unapata mchele-nata wa Laos na kaskazini mwa Thailand, ule unaolowekwa usiku kucha, ukapikwa kwa mvuke, ukaliwa kwa mkono kama tonge la ugali.

Katikati ndipo penye utamu. Mchele wa Japani kama Koshihikari, na jasmini pia, una Waxy nzima isipokuwa herufi moja ya maandishi ya jeni (yana herufi nne tu: A, C, G na T). Mahali palipopaswa kuwa na G pana T. Herufi hiyo iko mpakani mwa kipande ambacho seli inatakiwa kukikata na kukitupa kabla ya kusoma maagizo ya jeni. Mpaka ukiwa na kasoro, seli inakata vibaya, maagizo mengi yanaharibika, na kimeng'enya kinatoka kidogo. Amilosi inashuka kati ya asilimia 12 na 20. Michele ya kati, kama basmati na IR64, ina kasoro ya namna nyingine: maagizo yanasomwa sawasawa, ila kimeng'enya chenyewe kina badiliko dogo linalokifanya kisuke polepole. Amilosi inakaa kati ya 20 na 25.

Jeni ya pili ni SSIIa, na hii haigusi ukindu. Inarefusha matawi ya mkoko. Matawi marefu hulaliana na kubanana, kwa hiyo chembe ya wanga inahitaji joto kubwa ndipo ifunguke na kunywa maji. SSIIa ikiwa dhaifu, matawi yanakuwa mafupi na wanga hufunguka kabla ya nyuzi 70 za Selsiasi. Ikiwa na nguvu, unaweza kusubiri mpaka nyuzi 74 na zaidi. Kwa mpishi tofauti hiyo ni mkaa, maji na dakika. Wa Mbeya mjini au Nairobi wanaijua bila kuambiwa: kwenye mwinuko wa mita 1,700 na kidogo, maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, na mchele wenye SSIIa kali huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam.

Zipo jeni nyingine. Nyingine hupachika matawi, nyingine huyapogoa yaliyokaa vibaya. Nitazigusa mbili tukifika kwenye kisukari. Mnunuzi akizielewa Waxy na SSIIa, amemaliza sehemu kubwa ya kazi.

| Kundi | Amilosi | Wali ukiwa wa moto | Asubuhi yake | Mfano |
|---|---|---|---|---|
| Nata | 0–2% | donge moja | bado laini | mchele-nata wa Laos |
| Chini | 12–20% | laini, unashikana | laini kiasi | jasmini, Koshihikari |
| Kati | 20–25% | laini, punje zinaachana | unakaza kidogo | Basmati 370, IR64 |
| Juu | zaidi ya 25% | mkavu, unachambuka, unavimba sana | mgumu | IR8 |

Kati dhidi ya juu: hapa ndipo wengi tunapochagua

Mchele-nata na wa chini kwetu si maswali makubwa. Atakayeutaka anajua anautakia nini. Vita halisi sokoni ni kati ya kundi la kati na kundi la juu, na bei zake hazisemi ukweli wote.

Kisa cha IR8 kinafundisha. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños, Ufilipino, iliitoa mbegu hiyo mwaka 1966. Ilizaa kuliko chochote ambacho wakulima wa Asia walikuwa wamekiona. Lakini walaji walinung'unika. Punje zilikuwa na kitumbo cheupe, zilivunjikavunjika mashineni, na wali ukipoa ulikuwa mgumu kama uliokaushwa juani. Waxy yake ilikuwa ileile yenye nguvu zote. Watafiti wa taasisi hiyo, akiwemo mkemia Bienvenido Juliano ambaye vipimo vyake vya ubora wa mchele bado vinatumika, wakajikuta wanafanya kazi ya kushusha amilosi bila kushusha mavuno. IR64 ya mwaka 1985 ilikuwa jibu. Ilizaa vizuri, amilosi yake ilikuwa ya kati, wali wake laini, na ikaenea nchi nyingi mno.

Kwa hiyo ukiona mchele wa bei nafuu unavimba sufuria nzima, usiudharau na usiushangilie. Mchele wa amilosi ya juu hunywa maji mengi na kuongezeka, jambo ambalo mama ntilie analipenda, kwani kilo ileile inatoa sahani zaidi. Ukiliwa saa sita mchana ukiwa moto, pamoja na mchuzi wa maharage, hakuna atakayelalamika. Shida inaanza saa kumi, sufuria imepoa. Na ukiupasha, ugumu hauondoki wote. Mikoko iliyokaza kwa ubaridi hulegea tena kwenye nyuzi 60 hivi, lakini kindu zilizojipanga hazilegei hata maji yakichemka; zinahitaji joto linalozidi nyuzi 100. Ndiyo maana kiporo kingine ukikipasha kinarudi ujana wake, na kingine kinabaki kama changarawe zenye mafuta.

Nikipangiwa nichague, nafanya hivi.

Pilau na biriani: kundi la kati, mrefu, uliokaa ghalani miezi kadhaa. Biriani hasa, kwa sababu mchele unachemshwa nusu, unachujwa, kisha unamaliziwa kwa mvuke juu ya masala. Wa amilosi ya chini hauvumilii safari hiyo. Basmati 370, mbegu iliyotolewa mwaka 1933 huko Kala Shah Kaku, Punjab, inaimudu kwa sababu amilosi yake ni ya kati, wanga wake hauhitaji joto kubwa sana, na punje hurefuka badala ya kunenepa. Inasemekana jina pishori linatokana na Peshawar, mji wa Pakistan, na mimi sina sababu ya kubisha.

Wali wa nazi wa kila siku: kundi la kati tena, ila hapa nakubali hata unaoelekea chini kidogo, kwani watu wanaupenda laini na tui linaupa uzito wake. Supa halisi ndiyo chaguo langu. Mwenendo wake sufuriani ni wa kundi la kati: laini, lakini ukiuchota kwa mwiko haufanyi donge.

Vitumbua: hapa nageuka. Usipoteze Supa. Unga unaotakiwa kusimama, kushika matundu na kutonata menoni unapenda amilosi ya juu. Waasia wanaotengeneza tambi za mchele huchagua mchele wa namna hiyohiyo kwa makusudi, kwa kuwa kindu zikipoa ndizo zinazoshika umbo la tambi. Mchele wako wa bei nafuu, uloweke usiku, usage na tui, utakupa kitumbua kisicholala.

Uji wa mgonjwa na chakula cha mtoto: amilosi ya chini, au chenga za mchele wowote ulio laini. Hapa kunata ni sifa.

Onyo moja kuhusu jedwali langu. Michele miwili inaweza kuwa na amilosi ya asilimia 27 yote miwili, mmoja ukipoa ukawa jiwe na mwingine ukabaki wa kulika. Ndani ya Waxy yenye nguvu kuna badiliko jingine, mbele zaidi kwenye jeni, linaloamua hilo. Ndiyo sababu maabara hazipimi amilosi peke yake, huwa zinapima pia jinsi uji mzito wa mchele unavyotambaa kwenye mrija uliolazwa: ukisogea chini ya milimita 40 ni mgumu, ukipita 60 ni laini.

Mambo yanayojifanya jeni

Mchele mpya unanata kuliko wa zamani hata kama mbegu ni moja na shamba ni moja. Wanga haujabadilika kwa kiasi cha kutaja. Protini na kuta za seli ndizo zinazokaza punje ikikaa ghalani. Kwa hiyo kabla hujailaumu mbegu, uliza umevunwa lini. Nina wasiwasi kwamba lile pilau langu lilikuwa na tatizo hili pia, maana ulikuwa mwezi wa sita na mashine zilikuwa zinakoboa mchana na usiku.

Mchele uliochemshwa ukiwa bado na maganda, ukaanikwa, ndipo ukakobolewa, nao unatenganika kwa sababu ya moto huo wa kwanza. Ladha yake unaipenda au huipendi. Mimi siipendi.

Na kile kitumbo cheupe. Wengi hudhani ni mchele-nata, lakini mchele-nata ni mweupe punje nzima, kama chaki. Kitumbo ni doa katikati au ubavuni, mahali ambapo chembe za wanga hazikubanana, zikaacha mianya ya hewa. Jeni zinachangia, lakini joto linachangia sana. Mpunga ukijaza punje kipindi cha joto kali, vimeng'enya vya kutengeneza wanga hupungua nguvu huku vile vya kuuvunja vikichangamka. Matokeo yake ni kitumbo, na mashineni chenga. Joto linaigusa hata Waxy: ile yenye kasoro ya herufi moja hukatwa vizuri zaidi kukiwa na baridi, kwa hiyo mbegu za Kijapani zikikomaa kwenye baridi hupata amilosi zaidi kuliko zikikomaa kwenye joto. Waxy yenye nguvu haiyumbi hivyo. Mabondeni mwa Rwanda zinalimwa mbegu za punje fupi za jamii ya japonika, ndugu wa zile za Kijapani, zilizotoka Yunnan, China, na walaji wengi wa mjini wanaendelea kuulizia mchele mrefu wa Tanzania. Hapo mbegu imeikubali ardhi, ila ulimi haujaikubali mbegu.

Kwa mwenye kisukari nyumbani

Mwaka 2011 watafiti wa IRRI na wenzao wa Australia walipima aina 235 za mchele kuona zinapandisha sukari ya damu kwa kasi gani. Kwenye kipimo ambacho glukosi ni 100, walipata kuanzia 48 hadi 92, wastani 64. Jeni iliyoeleza tofauti hiyo kuliko nyingine ilikuwa ileile Waxy. Ukindu humeng'enywa polepole, mkoko haraka. Kwa hiyo mchele ule wa bei nafuu unaokakamaa ukipoa una heri yake kwa mtu huyu, na jasmini laini inayoteleza ndiyo ya kuogopa, hata kama inanukia kama peponi.

China, mwaka 2016, ilionyeshwa kwamba jeni nyingine ya wanga, SSIIIa, ikizimwa kwenye mpunga wenye Waxy yenye nguvu, sehemu ya wanga inageuka kuwa isiyomeng'enyeka upesi. Jeni ya matawi, SBEIIb, nayo ikizimwa huleta matokeo ya jamii hiyo. Kwenye meza zetu mchele wa namna hiyo hauko, na huwa mgumu mdomoni. Kipimo cha sahani bado kinashinda aina ya mchele: sahani iliyojaa milima ya wali wa amilosi ya juu haimsaidii mtu.

Mkulima achague ipi?

Supa ni mrefu, ukiuwekea mbolea nyingi unalala, lakini bei yake sokoni inajulikana. SARO 5, ambayo kitaalamu ni TXD 306, ni mfupi, unazaa vizuri zaidi, na unanukia nusu, jambo lililomo kwenye jina lake. Wanunuzi wengi wa jumla wanaulipa chini ya Supa, kisha ukifika mjini baadhi yao wanauchanganya na Supa na kuuza kwa bei ya Supa. Hapo mkulima amekosa, na mlaji amekosa mara mbili, maana sufuria moja ina michele miwili isiyoiva pamoja.

Ushauri wangu: kama una maji ya skimu na soko lako ni shule, kambi na mama ntilie, panda kinachozaa. Kama unauza kwa kilo kwa watu wanaorudi kukutafuta, panda Supa safi na uilinde mbegu yako isichanganyike kwenye uwanja wa kupuria. Mpunga hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa sana, hivyo uchafu wa mbegu mara nyingi unaanzia kwenye magunia, si kwenye maua.

Mbegu chotara ni suala jingine, na watu hawalielezi. Mahindi chotara unavuna, unasaga, unakula, hakuna anayejali punje moja inatofautianaje na jirani yake. Mpunga unauma punje kwa punje. Unachokula kutoka kwenye shamba chotara ni watoto wa ule mche, na jeni za wazazi wao zimegawanyika upya. Zaidi ya hapo, sehemu ya punje yenye wanga ina seti tatu za kromosomu, mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa chavua, kwa hiyo Waxy yenye nguvu inaweza kuwemo mara tatu, mara mbili, mara moja au isiwemo. Kama wazazi walikuwa na Waxy tofauti, suke moja lina punje za amilosi mbalimbali. Ukiuziwa mbegu chotara ya mpunga, uliza kwanza kama wazazi wake wote wawili ni wa kundi moja la amilosi. Muuzaji wa mbegu akikutolea macho, umepata jibu.

Kabla hujanunua gunia

Nunua robo kilo. Pika kikombe kimoja kwa maji matupu na chumvi, bila mafuta, maana mafuta yanaficha kunata. Onja ukiwa moto. Uliobaki funika, weka kwenye friji hadi asubuhi, kisha uponde punje kati ya vidole ukiwa bado baridi. Ikipondeka kama siagi, uko kundi la chini. Ikikaza kidogo lakini ikapondeka, ni kati. Ikivunjika vipande kama chaki ya mwalimu, ni juu. Upashe, uonje tena.

Mwenye iodini ya kidonda nyumbani anaweza kukata punje mbichi katikati na kudondoshea tone lililopunguzwa kwa maji: ikigeuka bluu nyeusi, amilosi ipo, ikiwa kahawia ya wekundu, ni mchele-nata. Haitakutofautishia kati na juu, na punje hizo usizile.

Mimi siku hizi nikifika sokoni bado nanusa, kwa mazoea tu. Halafu naomba robo kilo. Muuzaji wangu wa zamani alicheka, akasema robo hapimi mtu wa pilau. Nikahamia meza ya pili yake.